Mtaa Upi? Wahamiaji wa Afrika Mashariki na Makazi Yao Mjini Leicester

Kitabu cha kumbukumbu ya hekalu huwataja waliojenga: nani aliweka jiwe la msingi, nani alitoa saruji na mbao, nani alisafiri hadi Bara Hindi kuzileta murti. Hiyo ni haki yao, nao wametajwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Lakini kila hekalu la Wahindi katika Afrika Mashariki lina daftari la pili ambalo halikuandikwa na mtu: daftari la familia zilizoondoka. Kati ya mwaka 1964 na katikati ya miaka ya 1970 safu za waumini zilipungua mwaka hata mwaka. Majirani waliozoea kununua sukari na mafuta ya taa katika duka la kona walikuta milango imefungwa, na walipouliza walijibiwa kwa maneno mawili tu: wamekwenda Uingereza.

Uingereza ni nchi kubwa. Mtu hahamii nchi. Huhamia mtaa, tena huhamia nyumba, na ndani ya nyumba huhamia chumba. Ndiyo maana nimependa kuuliza swali dogo kuliko lile la kawaida. Sitauliza kwa nini waliondoka, kwa maana hilo limekwisha andikwa mara nyingi. Nitauliza walipofika walichagua kukaa wapi, na ni nini kilichowafanya wachague hapo. Nitauchukua mji mmoja tu, Leicester, kwa sababu wengi wetu tunaujua kwa anwani zilizokuwa nyuma ya zile barua za anga za karatasi ya buluu, na kwa sababu uchaguzi uliofanywa pale uliubadili mji mzima.

Leicester ni mji wa kale. Warumi waliujenga kando ya mto Soar wakauita Ratae Corieltauvorum, kwa jina la kabila lililoishi hapo kabla yao, na barabara yao kuu iitwayo Fosse Way ilipita katikati yake. Kipande kirefu cha ukuta wa jengo lao la kuogea, Jewry Wall, kingali kimesimama. Baada ya Warumi walikuja Waanglo-Saksoni, kisha Wadenmaki, ambao walioufanya kuwa mmoja wa miji yao mitano mikuu. Hawa wa mwisho wamebaki katika majina ya njia. Mgeni anayefika Leicester akaona Belgrave Gate, Humberstone Gate na Gallowtree Gate hudhani kila jina ni la lango la ukuta wa mji. Kumbe neno hilo kwa lugha ya Wadenmaki lilikuwa na maana ya barabara. Mfalme Richard III, aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485, alizikwa humo mjini katika kanisa la watawa, kanisa likabomolewa, kaburi likasahauliwa, na mifupa yake ikaja kufukuliwa mwaka 2012 chini ya uwanja wa kuegesha magari wa idara ya ustawi wa jamii. Mji ambao huweza kumpoteza mfalme kwa karne kadhaa una tabaka nyingi chini ya lami yake.

Swali la nani akae wapi ni la zamani katika mji huu. Mwaka 1231 Simon de Montfort, aliyekuwa amepata kuutawala, aliwafukuza Wayahudi wasiishi Leicester. Wao hawakwenda mbali. Walihamia upande wa mashariki, nje ya mipaka yake, katika ardhi iliyokuwa mikononi mwa mama mkubwa wa ukoo wake, Margaret, mtawala wa kike wa Winchester, wakaendelea na maisha umbali mfupi tu kutoka mahali walipofukuzwa. Nimelitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba hatima ya jamii huweza kutegemea mpaka ambao mtu anauvuka kwa mwendo wa dakika chache.

Mtaa utakaotushughulisha zaidi ni Belgrave, kaskazini ya katikati ya mji. Ulikuwa kijiji cha peke yake kabla ya kumezwa na mji mwishoni mwa karne ya 19. Katika kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086 jina lake limeandikwa Merdegrave. Mabwana wapya kutoka Normandia, waliosema Kifaransa, walisikia katika silabi za mwanzo neno la kwao lenye maana ya kinyesi. Hawakutaka kuishi mahali pa jina hilo. Wakalibadili mwanzo wake, likawa Belgrave, yaani kichaka kizuri. Basi tusiwacheke wale wanaotafuta mtaa kwa kusikiliza jina lake. Hata mashujaa waliovuka bahari na panga walifanya hivyo hivyo.

Sasa tuje kwa watu wetu. Kuondoka hakukuwa kwa siku moja. Wa Unguja walianza baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wa Kenya waliona sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara, wakafahamu kwamba mwenye pasipoti ya Kiingereza hataachiwa duka lake, na mwanzoni mwa 1968 walikimbilia ndege kwa haraka kwa kuwa Bunge la London lilikuwa likitunga sheria ya kuwafungia mlango. Sheria hiyo ilianza kutumika mwezi Machi mwaka huo, na tangu hapo mtu alilazimika kungoja kibali kwa mgawo, hata kama pasipoti yake ilipigwa muhuri wa Malkia. Wa Tanzania wengi waliondoka baada ya Aprili 1971, serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000. Kisha ikaja Uganda. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia watoke, akawapa siku 90. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza, wengi wakiwa na fedha zisizozidi pauni 50 hivi kwa familia nzima.

Tofauti hii ya nyakati ndiyo ufunguo wa jambo zima, nami nawaomba wasomaji waikumbuke. Aliyetoka Nairobi mwaka 1968 mara nyingi alikuwa amepata nafasi ya kuuza alichokuwa nacho na kuvuka na akiba. Aliyetoka Kampala mwaka 1972 alivuka na masanduku. Wa kwanza aliweza kununua. Wa pili alimfuata aliyenunua.

Wale wa mwanzo walipofika Leicester walikuta Wahindi wachache wamekwisha kutangulia, hasa Wapunjabi na Wagujarati waliokuja moja kwa moja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1950 kufanya kazi viwandani. Hao walikuwa wakiishi zaidi Highfields, mtaa wa mlimani nyuma ya stesheni ya reli. Nyumba za Highfields zilijengwa kwa ajili ya matajiri wa zama za Malkia Victoria: ndefu, zenye ghorofa tatu na vyumba vya watumishi juu. Matajiri walipohamia pembezoni, nyumba zilikatwakatwa vyumba na kupangishwa. Kwa mwanamume aliyekuja peke yake, chumba kimoja karibu na stesheni kilitosha. Alilala kwa zamu na wenzake, akapika dengu juu ya jiko la gesi la sarafu, na kila mwezi akatuma fedha nyumbani.

Lakini watu wa Afrika Mashariki hawakuja peke yao. Walikuja na bibi, na mama mkwe, na watoto watano, na shangazi mjane. Familia ya namna hiyo haiingii katika chumba cha kupanga. Zaidi ya hayo, wengi wao walikuwa wametoka kuona nyumba zikitwaliwa, leseni zikifutwa, na wapangaji wakiambiwa waondoke. Nadhani hapa ndipo penye sababu ambayo haikusemwa waziwazi: walitaka paa ambalo hati yake imo ndani ya sanduku lao wenyewe. Hawakutaka kupanga. Nyumba za halmashauri ya jiji zilikuwa na foleni ndefu iliyompendelea mkazi wa siku nyingi. Likabaki jambo moja, kununua, na kununua kwa bei ya chini.

Bei ya chini ilikuwa Belgrave. Ukishuka kutoka katikati ya mji kwa Belgrave Gate unaingia Belgrave Road, ambayo mbele huitwa Melton Road, na pande zote mbili zimejaa vichochoro vya nyumba za matofali mekundu zilizoungana ukuta kwa ukuta. Zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya soksi na viatu. Mlango wa mbele hufunguka moja kwa moja barabarani. Chini kuna vyumba viwili na jiko, juu vyumba viwili au vitatu, nyuma kiua kidogo chenye choo. Nyingi hazikuwa na bafu. Maji ya moto yalikuwa ya birika. Waingereza vijana hawakuzitaka tena. Walikuwa wakihamia kwenye nyumba mpya zenye bustani. Wazee waliobaki walikuwa wakifariki. Wapangaji wa mji walikuwa wamekwisha kuzihesabu baadhi ya safu hizo kuwa ni za kubomolewa, na vyama vya mikopo ya nyumba havikupenda kukopesha juu ya nyumba ambayo huenda kesho ikapita tingatinga.

Kwa hiyo mnunuzi alihitaji fedha taslimu, au sehemu kubwa ya fedha taslimu. Hapa desturi za nyumbani zilifanya kazi ambayo benki haikufanya. Ndugu watatu waliunganisha akiba wakanunua nyumba moja. Wakaishi humo wote, wakaweka mishahara yote chungu kimoja. Baada ya mwaka mmoja au miwili wakanunua ya pili ng’ambo ya barabara kwa ajili ya ndugu wa kati. Kisha ya tatu. Wengine walicheza upatu, mchezo ule ule ambao majirani zetu wanaujua vizuri sana. Ndivyo kichochoro kimoja kilivyoweza kubadilika ndani ya miaka michache, nyumba hii leo, ile kesho, bila amri ya mtu yeyote.

Wa Uganda waliukuta mtaa katika hali hiyo, nao hawakutakiwa kabisa. Mwezi Septemba 1972, siku chache kabla ya ndege ya kwanza kutua Uingereza, Halmashauri ya Jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la Kampala. Liliwaeleza Waasia wa Uganda kwamba hali ya Leicester imebadilika, kwamba maelfu ya familia wanangojea nyumba, kwamba mamia ya watoto wanangojea nafasi za shule, na kwamba huduma za afya na ustawi zimeelemewa. Kwa manufaa yao na ya familia zao, wafuate ushauri wa bodi ya serikali ya makazi, wasije Leicester. Huenda halijapata kuwapo tangazo lililofanya kinyume cha kusudi lake kama hilo. Watu wengi waliolisoma hawakuwa na ndugu huko na hawakuwa wamepata kuusikia mji wenyewe. Sasa walijua kwamba kuna mji uitwao Leicester ambao Wahindi wameukimbilia hata wenyewe wanalia. Mfanyabiashara akisikia kwamba soko fulani limejaa watu hufunga mzigo wake kwenda huko.

Serikali ya London nayo ilikuwa na mpango wake. Bodi ya makazi iligawa nchi kwa rangi: maeneo mekundu, ambayo wageni walishauriwa wasiyakaribie, na ya kijani, ambako kulikuwa na nafasi. Leicester ilikuwa nyekundu. Waliotoka uwanja wa ndege bila jamaa wa kuwapokea walipelekwa kambini, katika majengo ya zamani ya jeshi kama Stradishall huko Suffolk, Greenham Common, na Tonfanau kando ya bahari huko Wales. Kutoka kambini walipangiwa miji midogo ambako wangekuwa familia ya Kihindi pekee. Nia haikuwa mbaya yote. Maafisa walitaka mzigo ugawanywe, na wapo wananchi wa miji hiyo waliowapokea wageni kwa blanketi, vyombo na mikono miwili. Lakini mpango uliowahesabu watu kama magunia ya kugawa maghalani ulisahau kwamba bibi wa miaka 70 asiyejua Kiingereza anahitaji mtu wa kuzungumza naye mchana, watoto wakiwa shuleni na wazazi kazini. Familia nyingi zilikaa katika kijani kwa majira mawili ya baridi, kisha zikapanda basi kwenda kwenye nyekundu.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ni kazi. Mtaa wa Belgrave ulikuwa umezungukwa na viwanda ambavyo mtu aliweza kuvifikia kwa miguu. Kampuni ya British United Shoe Machinery, iliyotengeneza mashine za kushonea viatu, ilikuwa pale pale Belgrave Road. Viwanda vya soksi, fulana na sweta vilikuwa vingi, na vilitafuta wanawake. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Mwanamke ambaye Jinja au Kisumu alikuwa akikaa nyuma ya duka akisaidia hesabu sasa aliketi mbele ya cherehani ya umeme na kupokea bahasha ya mshahara kila Ijumaa. Nyumba iliyokuwa na mishahara miwili au mitatu iliweza kumaliza deni la nyumba upesi. Lakini ili mama aende zamu ya asubuhi, lazima nyanya alee watoto. Na ili nyanya akubali, lazima masi yake awe kichochoro cha pili na duka la bhindi, tuvar na unga liwe kona. Hivyo kazi ya kiwandani yenyewe iliwafunga watu mahali pamoja.

Haikuwa kazi ya raha. Katika kiwanda cha mashine za kuchapia cha Imperial Typewriters, East Park Road, mali ya kampuni ya Kimarekani, wafanyakazi Waasia walikuwa wengi na idadi kubwa walikuwa wametoka Uganda. Tarehe 1 Mei 1974 wafanyakazi 39 waliweka zana chini kwa malalamiko juu ya malipo ya bonasi na upendeleo katika kupandisha vyeo, na mamia wakawafuata. Viongozi wa chama chao cha wafanyakazi walikataa kuwaunga mkono kwa kisingizio cha utaratibu. Mgomo ulidumu karibu miezi 3. Mwaka uliofuata kampuni ilikifunga kiwanda. Wenye maduka ya Kihindi walisaidia kuwalisha waliogoma, na wangeweza kufanya hivyo kwa sababu waliishi mahali pamoja na wateja wao.

Pamoja na kazi kulikuwa na usalama. Chama cha National Front kilichotaka wageni warudishwe makwao kilipata takriban asilimia 18 ya kura katika uchaguzi wa halmashauri mwaka 1976, na mwaka 1979 kikaandamana katika barabara za mji. Mtu mweusi au mwekundu wa ngozi aliyetoka zamu ya usiku alijua ni njia ipi ya kupita na ni baa ipi ya kuikwepa. Vijana waliopanga kuondoka mtaani waliambiwa na wazee wasubiri. Kukaa pamoja, ambako magazeti yalikuita kujitenga, machoni pa waliokaa kulikuwa na maana rahisi: ukipiga kelele usiku, mlango wa jirani utafunguka.

Nimeacha hekalu hadi sasa kwa makusudi, kwa maana wapo wanaosema watu walifuata hekalu. Kwa Leicester mambo yalikwenda kinyume. Watu walitangulia, hekalu likawafuata. Miaka ya kwanza ibada zilifanywa vyumbani, viatu vimerundikana mlangoni hadi barabarani, na ngoma za garba za Navratri zikachezwa katika kumbi za shule zilizokodiwa. Kisha ikaonekana kwamba si nyumba tu zilizoachwa na Waingereza, bali na makanisa pia. Shree Sanatan Mandir, karibu na Belgrave Road, ilianzishwa ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Wajaini walinunua kanisa la zamani huko Oxford Street, karibu na katikati ya mji, wakalivisha marumaru nyeupe iliyochongwa na mafundi kutoka Bara Hindi, na mwaka 1988 wakalifungua. Mpenda historia hawezi kupita hapa bila kukumbuka kwamba William Carey, mchungaji wa Kibaptisti aliyesafiri kwenda Bengal mwaka 1793 ili kuwabadili Wahindu dini, alikuwa akihubiri Leicester hadi mwaka ule alipopanda meli. Mji uliomtuma ukaja kupokea majibu baada ya miaka 180.

Mara hekalu lilipokwisha simama, ndipo likaanza kuwa sababu. Aliyefika baadaye, akiwa na uwezo wa kuchagua, aliuliza kwanza: hapo ni mbali na mandir kwa miguu? Nyumba iliyokuwa na thamani ndogo kwa sababu haina bafu ikapanda kwa sababu ipo karibu na aarti ya jioni. Halmashauri nayo ilibadili mwendo; katika miaka ya 1970 sera ya kubomoa iliachia nafasi sera ya kukarabati, na ruzuku za serikali zikaingiza mabafu na mapaa mapya katika vichochoro vile vile vilivyokuwa vimehukumiwa. Belgrave Road ikajaa maduka ya sari, vito na peremende, hata wenyeji wakaiita Maili ya Dhahabu. Tangu mwaka 1983 taa za Diwali huning’inizwa juu yake, na umati unaokuja kuzitazama una Waingereza na Wahindi. Halmashauri ile iliyolipia tangazo la Kampala sasa huutangaza mtaa huo kwa watalii.

Jirani zetu Waswahili watafurahi kujua kwamba wangeweza kujikuta nyumbani humo kwa lugha. Katika jiko la Kigujarati la Leicester utasikia sufuria na fagio. Muhogo huitwa mogo, hukaangwa kwa pilipili na kuuzwa mikahawani, na kijana aliyezaliwa huko huapa kwamba mogo ni chakula cha Gujarat. Matoke hupikwa. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walihamia Leicester Wasomali wengi, baadhi yao wakipitia Uholanzi, wakakaa hasa katika nyumba za halmashauri za St Matthew’s, jirani kabisa na Belgrave. Wasomali hao wameuchagua mji kwa sababu zile zile: jamaa, msikiti, biashara, na watoto wasionekane wa ajabu shuleni.

Uchaguzi wa makazi haukuishia Belgrave. Deni lilipokwisha na watoto wakawa wafamasia na wahasibu, familia zilisogea kaskazini kwenye Rushey Mead, ambako nyumba zina bustani na mahali pa gari lakini hekalu lingali karibu. Wengine walipanda Evington, na wenye uwezo zaidi wakavuka mpaka wa mji hadi Oadby. Ukiichora ramani ya safari hiyo utaona kwamba kila hatua ni fupi, kilomita chache tu. Kwa maoni yangu hatua hizo fupi zinaeleza mengi kuliko takwimu. Walakini takwimu zenyewe ni hizi: katika sensa ya mwaka 2021 Leicester ilikuwa na watu wapatao 368,600, asilimia 43 wakiwa na asili ya Asia; Wahindu walikuwa asilimia 17.9 na Waislamu asilimia 23.5.

Asilimia hizo mbili za mwisho zinanilazimisha kusema jambo ambalo kitabu cha sherehe kingependa kulipita. Wahindu walijikita zaidi Belgrave na kaskazini yake, Waislamu zaidi Highfields na mashariki yake. Mgawanyo huo haukupangwa na mtu, na kwa miaka mingi watu wa pande zote mbili walifanya kazi mashine kwa mashine. Wengi walikuwa wametoka mji mmoja wa Afrika Mashariki, wamesoma darasa moja. Lakini mwaka 2022, mwezi Agosti na Septemba, makundi ya vijana wa pande hizo mbili yalikabiliana barabarani, mali zikaharibiwa, na uvumi wa mitandaoni kutoka mbali ukachochea moto. Wazee wa pande zote walitoka kuwatuliza, na viongozi wa mahekalu na misikiti walisimama pamoja hadharani. Yapo maelezo mengi ya yaliyotokea, na sitajifanya hakimu nikiwa mbali. Ninachokiona mimi ni tofauti ya kizazi. Mzee wa Kihindu wa Belgrave aliyekuwa na duka Mbale alimjua mwenzake Mwislamu kabla ya mmoja wao kuwa na anwani ya Leicester. Mjukuu wake amekulia kichochoro ambamo hajapata nafasi ya kumjua mjukuu wa yule. Vichochoro vilivyowalinda babu vilikuwa na bei, na bei hiyo inalipwa sasa na wajukuu.

Juu ya makutano ya Belgrave Road, upande wa mjini, palikuwa na barabara ya juu ya zege iliyojengwa katika miaka ya 1970, miaka ile ile wageni walipokuwa wakinunua nyumba. Iliwapitisha wenye magari juu ya vichwa vya wakazi bila kusimama, na iliutenga mtaa na katikati ya mji kama ukuta. Mwaka 2014 ilibomolewa. Siku hizi anayetoka sokoni huja Belgrave kwa miguu, chini, kwenye usawa wa milango. Nyumba za safu zingali zimesimama. Katika nyingi humo wanaishi wajane wa waliozinunua. Watoto wao wa Oadby wamewaomba mara nyingi wahamie kwao, kwenye chumba kikubwa cha chini chenye bafu lake. Wamekataa. Kutoka Oadby mtu hawezi kwenda mandir kwa miguu.